Mbachao na Msala Upitao: Nuskha Tatu za Harusi Moja

Baada ya masika ya mwaka 2025 nilipata ujumbe kutoka Malolo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameletewa mashine ya Blu-ray na mpwa wake anayefanya kazi Maskati. Pamoja na mashine ilikuja ahadi: kijana atalipa gharama zote ili sinema za ukoo, na kwanza kabisa ile ya harusi yetu, zihamishiwe kwenye umbo jipya lenye picha safi, kisha sanduku la bati lililojaa mikanda ya zamani litolewe ndani, maana linakalia nafasi ya magunia mawili ya vitunguu. "Shemeji, wewe ndiye mwenye kusoma," aliniandikia, "tuambie kama inafaa."

Nilidhani ni swali la kujibiwa kwa neno moja. Sisi wa visiwani, na hasa tuliozoea kurasa kama hizi, tuna methali za kuhukumia mambo ya namna hii kwa upande wowote tuutakao. Anayetaka kipya atasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Asiyekitaka atasema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali mbili, hukumu mbili, na kila mtu huenda zake ameridhika. Lakini mbacha katika habari hii ni upi, na msala ni upi? Hilo ndilo lililonikalisha miezi miwili, na mwishowe likanipandisha boti na basi.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko: ukitoka Morogoro ukaipita Mikumi, barabara kuu ya kwenda Iringa huteremka katika bonde la Ruaha, bonde la joto, vumbi na mibuyu, na hapo Ruaha Mbuyuni wachuuzi huwakimbilia wasafiri na mafungu ya vitunguu. Malolo iko upande wa Kilosa, na maji ya mto Mwega yaliyoelekezwa mashambani ndiyo yanayoilisha. Huko mtu huulizwa kwanza zamu yake ya maji ni siku gani, kisha ndipo huulizwa habari za watoto.

Huko bara televisheni ilichelewa. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tulijivunia jambo hilo hata nyakati ambazo hapakuwa na cha kutazama. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Kwa hiyo vijiji vingi vilikutana na mkanda wa VHS kabla ya kukutana na matangazo ya televisheni. Shemeji alifungua banda la video mwaka 1998: miti, maturubai, mabenchi, na jenereta iliyonguruma nje kwa nguvu hata mtu akashindwa kujua bunduki zinalia kwenye sinema au uani. Wateja wake walikuja kupenda zaidi mikanda iliyosimuliwa kwa Kiswahili. Jina la Lufufu, mwanajeshi wa zamani aliyegeuka msimuliaji wa sinema, lilijaza mabenchi kuliko jina la mchezaji yeyote wa Hong Kong. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, akafafanua, akatia mizaha, akawaeleza watu wa mabenchi ni kwa nini yule mwenye koti jeusi asiaminiwe. Ilikuwa fasihi simulizi iliyopanda juu ya mgongo wa picha ya mtu mwingine, na wahakiki wetu waliichelewa. Mikanda ya namna hiyo imo katika sanduku lile la bati, na sidhani kama yote imewahi kuhamishiwa popote.

Banda lilifungwa mwaka 2014. Katika uhai wake lilipita maumbo yote: VHS, kisha VCD, kisha DVD, na mwisho likashindwa na memori kadi, kwa sababu mtu akishaingiziwa sinema 10 katika simu yake hana haja ya benchi la mtu. Nikaiacha habari ya banda hapo, nirudi kwenye harusi.

Watu wa tenzi wanaijua kazi ya kulinganisha nuskha. Unaziweka mbili tatu mezani, unauliza ipi ilinakiliwa kutoka kwa ipi, mnakili aliruka beti gani, aliongeza nini cha kwake, na kwa nini. Hatusemi nuskha mpya ni bora kwa kuwa wino wake haujapauka. Nimeona ni haki kuitendea harusi yetu hivyo hivyo, kwani ipo katika nuskha mbili, na ya tatu ndiyo hii inayopendekezwa na kijana wa Maskati.

Nuskha ya kwanza ni mkanda wa VHS wa aina ya E-180, yaani wa dakika 180, uliopigwa Malolo mwaka 1997 na mpiga picha aliyeletwa kutoka Mikumi na kamera kubwa ya kubebwa begani. Mkanda ulijaa hadi mwisho. Kama kazi ya sanaa una kasoro ambazo mwanafunzi wa kwanza wa fani hii angezitaja: jua liko nyuma ya watu, kwa hiyo nyuso ni nyeusi na anga ni jeupe; maikrofoni ni ile ya kamera yenyewe, kwa hiyo mtoto anayelia karibu ana sauti kubwa kuliko bwana harusi aliye mbali. Lakini mpiga picha yule alikuwa na sifa moja ambayo siku hizi haipatikani kwa bei yoyote, nayo ni subira. Akishaelekeza kamera mahali, huiacha hapo. Watu huingia katika picha na kutoka. Mama mmoja anapita na sufuria, anarudi bila sufuria. Kuku anavuka. Na mkwe wangu, baba wa mke wangu, aliposimama kutoa wosia, kamera ilimtazama tangu alipoinuka hadi alipokaa, bila kuhama, kwa sababu (hivi ndivyo nilivyoelezwa baadaye) ndugu yake mkubwa alimwambia mpiga picha kwamba mzee akizungumza hakuna kwenda kutafuta wasichana wanaocheza.

Nuskha ya pili ni ya mwaka 2006, nayo ni VCD. Hapa inanibidi nieleze chombo chenyewe, kwani vijana wengi hawakukijua. VCD ilibuniwa mwaka 1993. Ulaya na Marekani haikushika, lakini Asia na kwetu Afrika ya Mashariki ilienea upesi, maana deki yake ilikuwa rahisi, diski yake ilikuwa rahisi zaidi, na haikuwa na kufuli la kuzuia kunakili. Picha yake ina nukta 352 kwa 288, ambayo si bora sana kuliko mkanda mzuri wa VHS. Ila haikuwa na chenga, haikukatika utepe, wala haikuhitaji kurudishwa mwanzo. Na kwa mtu aliyewahi kuvuta utepe wa mkanda uliotafunwa na deki, hayo hayakuwa mambo madogo. Kasoro yake kubwa ilikuwa urefu: diski moja ilichukua dakika 74 hivi. Ndiyo maana sinema moja ilikuja katika diski mbili, na ndiyo sababu mojawapo, pamoja na ile ya biashara iliyofundishwa na Wanaijeria, ya sinema zetu za Kiswahili za miaka ile kuuzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili.

Diski mbili ni dakika 148. Mkanda ni dakika 180. Dakika 32 hazikuwa na mahali pa kukaa.

Ningependa kumlaumu fundi wa mjini aliyefanya kazi ile, lakini aliniuliza. Alisema, "Hii itataka diski tatu." Nami nikamwambia mbili zatosha, kwa kuwa kasha nililolipenda, lile lenye picha ya waridi, lilikuwa na nafasi mbili. Sikumwambia aache nini. Akaacha kile ambacho fundi yeyote angekiacha: maneno. Ngoma zimebaki, keki imebaki, zawadi zimebaki zote hadi ndoo ya plastiki. Wosia wa mkwe wangu, aliyefariki mwaka 2003, haumo. Mahali pake pameunganishwa kwa ua jekundu linalozunguka na kupasuka vipande vipande, na baada ya ua anaonekana mzee akikaa chini. Hata kuinuka hakuinuka. Mke wangu alipoitazama mara ya kwanza, pale ua lilipopasuka, aliuliza, "Baba yuko wapi?" Nilimjibu kwamba labda yuko katika diski ya pili. Nilijua hayumo.

Kama ni uhakiki basi tuufanye kwa haki: nuskha hii ya pili ina mambo ambayo ya kwanza haina. Imetiwa nyimbo za taarabu juu ya ngoma za Malolo, jambo ambalo wakati ule nililiona ni heshima kwa bwana harusi wa Unguja, na leo naliona ni utovu wa adabu kwa wenyeji. Imetiwa majina ya wazazi kwa maandishi ya dhahabu, la mkwe wangu likiwa limekosewa herufi. Mwendo wake ni wa haraka. Hakuna picha inayokaa muda wa pumzi tatu. Mama wa sufuria hayumo, kuku hayumo. Imekuwa harusi ya mahali popote. Ungeondoa sura za watu ukaweka nyingine, isingejulikana kama ilikuwa Malolo, Mtwara au Mombasa. Sitaki kusema kwamba hayo yote ni makosa ya VCD. Chombo hakikuchagua waridi. Lakini chombo kilidai dakika 32, na kudai huko ndiko kulikofungua mlango wa mkasi. Mkasi ukishaingia hauridhiki na ulichoitiwa.

Jambo hili si geni kwetu. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa santuri za mizunguko 78 ulibeba dakika tatu hivi, na taarabu ya barazani haikuwa ya dakika tatu. Beti zilichaguliwa, nyingine zikaachwa Unguja. Leo tunazisikiliza santuri zile kana kwamba ndizo nyimbo zenyewe, na ni haki yetu kuzipenda, kwani bila santuri tungekuwa na sifa tupu za mwimbaji tusiyemsikia. Au tuchukue hati. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalipokuwa yakikusanywa mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari Taylor walilazimika kuongeza alama katika herufi za Kiarabu ili sauti za Kimvita zisomeke. Baadaye tuliingia katika herufi za Kirumi, na katika kuingia huko tulipata irabu zilizo wazi, e ikawa e na i ikawa i, tukapoteza tofauti ya t ya meno na t ya ufizi, ambayo kwa mtu wa Mombasa ni tofauti ya neno na neno. William Hichens alipoitoa diwani ya Muyaka kwa chapa huko Johannesburg mwaka 1940, ilikuwa ni kuokolewa kweli kweli. Lakini msomaji wa leo asiyejua Kimvita huyasoma baadhi ya maneno yale sivyo, naye hana habari.

Nasema haya kwa sababu wako wenzetu ambao kwao kila badiliko la umbo ni wizi, na wako ambao kwao ni maendeleo, na wote wawili hawajaketi na nuskha mbili mezani.

Sasa nuskha ya tatu. Kijana wa Maskati, kwa nia njema, aliomba studio moja ya huko imtengenezee mfano. Kwa kuwa hakuwa na mkanda, aliwapa VCD. Wakaipitisha katika programu ya kung'arisha picha na kuirudisha kwa kipimo kinachoitwa 4K. Hesabu yake inafaa kujulikana. Picha ya VCD ina nukta laki moja na ushei. DVD ina karibu mara nne ya hizo, Blu-ray zaidi ya mara 20, na 4K zaidi ya mara 80. Ukiichukua VCD ukaifanya 4K, basi kati ya kila nukta 81 moja tu ndiyo iliyotoka harusini. Nyingine 80 zimekisiwa na mashine kwa kuangalia nyuso za watu wengine ilizofundishwa. Nilitumiwa vipande viwili. Picha kwa kweli ni safi, unaweza kuhesabu nyuzi za kitambaa. Mke wangu ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, alilipata utotoni alipoanguka kwenye mfereji. Mashine imelifuta. Imempa nyusi mbili sawasawa na ngozi isiyopata kuliona jua la Malolo. "Mzuri huyu," alisema mke wangu, akanirudishia simu.

Haifuati kutokana na hayo kwamba umbo jipya halina faida. Lina faida kubwa mahali pake, na mpenzi wa sinema asiyekubali hilo anajinyima. Sinema zilizopigwa kwa ukanda wa filamu hasa zina undani ambao VHS, VCD wala DVD hazikupata kuuonesha. Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, ambazo wazee wetu walizitazama katika majumba ya sinema ya Mji Mkongwe kwenye kitambaa kipana, tulikuja kuziona nyumbani kama kivuli cha kivuli. Ukanda wa asili ukisafishwa upya na kutiwa katika Blu-ray, kinachorudi ni kile ambacho wazee walikiona. Ndivyo ningependa itendewe Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Lakini wimbi la sinema zetu lililofuata, kuanzia Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003 hadi kazi za marehemu Steven Kanumba, lilitokana na kamera za video. Sinema hizo zilizaliwa na nukta chache, na DVD iliyotengenezwa vizuri inazitosha. Nimesema iliyotengenezwa vizuri. Zilizofika Malolo hazikuwa hivyo. Soko lilipopata diski yenye nafasi kubwa halikuitumia nafasi ile kwa ajili ya picha nzuri. Lilibana sinema 20 katika diski moja, zikawa mbaya kuliko VCD. Chombo kipana kilikuja, tukakijaza wingi.

Kuna kichekesho kingine ambacho shemeji alinionesha nilipofika. Diski za DVD zimegawiwa dunia kwa kanda za mauzo: Omani imo katika kanda ya 2, sisi pamoja na India tumo katika ya 5. Mashine ya Maskati ilipowekewa DVD halali ya Kihindi, iliyonunuliwa kwa fedha nzuri, iliikataa kwa maandishi ya ustaarabu. Ilipowekewa nakala ya wizi iliicheza bila neno.

Na msala wenyewe, je, unakuja au unapita? HD DVD, iliyoshindana na Blu-ray, iliachwa mwaka 2008. Blu-ray iliyoshinda haikuwahi kukaa vijijini kwetu; kabla haijafika, watu walikwisha kuhamia kwenye simu na flashi. Mwezi Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Kwa hiyo kijana alikuwa anatutaka tuuache mkanda usio na deki, kwani kampuni ya Funai, ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016, twende kwenye diski ambayo nayo inafungiwa milango. Nilipomweleza hivyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mjomba, kitu gani kinachobaki?" Ni swali zuri kuliko lile la shemeji.

Jibu nililompa, na ninalosimama nalo, ni kwamba hakuna umbo linalobaki, kuna watu wanaonakili. Katika jambo la harusi hii nuskha ya kunakiliwa ni ile ya kwanza peke yake, yaani mkanda, na inakiliwe nzima, kwa dakika 180, bila kung'arishwa, bila kutiwa waridi, iwe faili la kawaida ambalo kompyuta yoyote inalifungua, na liwekwe mahali zaidi ya pamoja: moja Malolo, moja Unguja, moja Maskati. Akitaka baadaye kulitia katika Blu-ray ili alitazame sebuleni, alitie. Hilo ni vazi tu. VCD nayo isitupwe, kwa sababu ni ushahidi wa namna tulivyokuwa mwaka 2006, na kwa sababu mtoto wetu wa pili anazipenda zile nyimbo.

Ilibaki kujua kama mkanda u hai. Mikanda yangu mwenyewe ya Unguja iliota ukungu mweupe zamani. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haikuiacha. Malolo kuna vumbi, lakini kuna ukavu, na sanduku la bati lilikuwa limefungwa vyema juu ya matofali. Nilikuta mikanda mingi ikizunguka kwa wepesi. Deki tuliazima kwa mtu wa Mikumi. Fundi alisafisha kichwa chake kwa spiriti na kitambaa, akatuonya kwamba deki za umri ule hutafuna, na kwamba mkanda mkavu hivi unaweza kupita mara moja ukakataa mara ya pili. Tulikuwa na waya wa kuunganisha kompyuta, lakini hakuna aliyekuwa na hakika nao.

Hapo mke wangu akatoa rai ambayo mimi mtu wa vitabu sikuifikiria. Alisema kabla ya kitu chochote akae mtu na kalamu, mkanda ufike kwenye wosia wa baba, aandike, ili deki ikiutafuna pawe na maandishi. Tukafanya hivyo. Shemeji alishika kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, mimi nilishika taa, yeye akaandika.

Dakika chache za mwanzo zilikuwa chenga tupu. Kisha picha ikatulia, ikiwa na mistari inayopanda. Rangi zilikuwa zimehamia kwenye wekundu. Mama wa sufuria alipita. Mzee akainuka. Uso wake hauonekani vizuri, kwa lile jua la nyuma. Anaonekana kofia, mkongojo, na mkono unaopanda na kushuka. Sauti ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza, na jenereta kumbe ilizimwa kwa ajili yake. Alizungumza dakika 11. Alianza kwa lugha ya kwao, akaingia Kiswahili kwa heshima ya wageni wa Unguja, akarudi kwao. Alisema maji ya mfereji hayana mwenyewe, yana zamu. Kwamba katika nyumba pia kuna siku ya mmoja kunywesha na siku ya mwenzake kungoja, na anayefungulia maji usiku katika siku isiyo yake, vitunguu vyake vitastawi na jirani yake atamjua. Alinitazama mimi, au alielekea nilipokuwa nimekaa, akasema bahari haina zamu, kwa hiyo huyu itabidi afundishwe. Watu walicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba walicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwapo.

Mkanda haukutafunwa. Tuliupitisha mara ya pili na kompyuta ikaupokea wote, isipokuwa sekunde chache mwishoni ambapo utepe umejikunja. Mashine ya Maskati iko sebuleni kwa shemeji, inacheza zile nakala za wizi. Katika karatasi ya mke wangu kuna mahali pawili alipoacha nafasi tupu, katika maneno ya mwisho ya baba yake, ambayo ni ya lugha ya kwao na ya kizamani, na ambayo kila mmoja wetu aliyasikia kivyake. Shemeji anadhani ni jina la mfereji. Mke wangu hakubali. Wana shangazi yao mzee huko Kidodi, na wamekubaliana wampelekee sauti ayasikilize kabla pale patupu hapajaandikwa kitu.